Jino la Mpiga Tarumbeta

Jino la Onésime lilibadilika rangi kama mtu anayehama dini: polepole, kwa siri, mpaka Jumapili moja watu wote wakajua. Lilikuwa la juu, la mbele kabisa, lile ambalo mtu akitabasamu ndilo linalotangulia kusalimia. Kwanza likawa la njano, kisha la kijivu, kisha juu yake, kwenye ufizi, kikaota kipele kilichotoa usaha kila alipokibonyeza. Angekuwa mtu mwingine angejifunza kutabasamu mdomo umefungwa, na maisha yangeendelea. Lakini Onésime alikuwa mpiga tarumbeta.

Siku za kazi alisafisha mabehewa ya treni ya chini ya ardhi, na hakuna aliyelijua jina lake isipokuwa aliyejisumbua kusoma kifuani pake. Jumapili, katika kanisa la Wakongomani lililokodi ukumbi pale Hjulsta, nchini Sweden, alikuwa Papa Trompette. Mtoto akibatizwa, alipiga yeye. Mtu akizikwa, alipiga yeye. Na walikuwapo wazee waliokwisha kumwambia waziwazi kwamba hawaogopi kufia Ulaya, wanaogopa kufa Onésime akiwa safarini.

Jumapili hiyo noti ya juu ilipasuka katikati ya wimbo. Onésime aliitoa tarumbeta mdomoni ikiwa na damu. Bonheur, mpiga tarumbeta wa pili, mwanamume wa miaka thelathini mwenye mapafu ya fahali na sikio la fahali pia, akaidaka noti ile na kuimaliza kwa nguvu kuliko ilivyohitaji. Édouard, kiongozi wa bendi, hakusema neno mbele ya watu. Alingoja wakati wa chai, akamvuta Onésime kando karibu na makoti, akamwomba apumzike kidogo, na kwa muda huo ashike matoazi.

"Matoazi hayadai meno," Édouard alisema kwa upole. Upole huo ndio uliomuuma Onésime kuliko jino lenyewe.

Nyumbani, mkewe Séraphine alikuwa na dawa moja tu tangu mwanzo: ling'olewe. Yeye alikuwa anahudumia wazee majumbani kwao, anawavua na kuwavisha meno ya bandia asubuhi na jioni, na hakuona msiba wowote hapo. Jino ni kama mgeni, alisema. Akianza kuharibu nyumba, unamsindikiza. Onésime alimweleza kwa mara ya kumi kwamba mdomo wa tarumbeta unakaa juu ya jino hilohilo, kwamba wapo waliopiga na meno ya bandia lakini walianza upya kama watoto, na kwamba yeye ana miaka hamsini na miwili. Séraphine akajibu kwamba hata matoazi ni ala ya Mungu, imo katika Zaburi.

Alikwenda kwa daktari wa meno wa dharura. Huyo alimpa njia mbili: kung'oa, au kuusafisha mzizi kwa ndani. Bei ya njia ya pili ilimfanya Onésime anyanyuke kitini na kuomba radhi kwa kukikalia.

* * *

Habari njema ililetwa na Anselmo. Huyu alikuwa Mtanzania wa Upplands Väsby, mpakia mizigo uwanja wa ndege wa Arlanda, ambaye alikuja Sweden zamani kwa mafunzo ya ufundi akasahau kurudi. Kanisani kwa Wakongomani alifuata muziki, na zaidi ya muziki alifuata likirimba, ule mchezo wa kuchangiana pesa ambao kwao huitwa upatu. Anselmo naye alikuwa na jino bovu, la pembeni. Aliona tangazo kwamba kliniki ya chuo kimoja cha madaktari wa meno inatafuta watu wenye mizizi iliyooza. Matibabu bure kabisa, kwa sababu madaktari wanalinganisha njia mbili za kuua vijidudu.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Ndani ya mzizi wa jino kuna mfereji mwembamba kama uzi. Mshipa wa humo ukifa, vijidudu huhamia na kujenga, na hakuna damu ya kuwafukuza. Njia ya kwanza, daktari anaukwangua mfereji kwa visindano, anauosha kwa maji ya klorini, na siku hiyohiyo anauziba. Njia ya pili, anakwangua na kuosha vilevile, ila haufungi moja kwa moja. Anaujaza dawa nyeupe inayofanana na chokaa, mtu anarudi nayo nyumbani kwa wiki kadhaa, kisha anakuja kuoshwa tena na kuzibwa. Nani anapata ipi, ni kura. Baadaye picha za mifupa zinalinganishwa ili ijulikane kundi lipi limepona zaidi.

Daktari mwenyewe aliitwa Ingela, na alitaka aitwe hivyohivyo, Ingela. Onésime hakuweza. Kumwita daktari kwa jina la ubatizo kulimkaa mdomoni kama mfupa wa samaki, akaishia kumwita Mama Docteur. Aliwapima wote wawili siku moja, akawapiga picha, akawaonyesha kivuli cheusi kwenye ncha ya mzizi, mahali mfupa ulipoliwa. Kisha akafungua bahasha za kura mbele yao. Onésime akapata njia ya siku moja. Anselmo akapata ile ya dawa inayolala ndani ya jino wiki kadhaa, dawa ya kulala kama walivyoiita wao.

Ndani ya treni ya kurudi hakuna aliyefurahi. Anselmo hakuwa na mahali pa kuomba ruhusa mara mbili. Msimamizi wake, alisema, anahesabu hata kupiga chafya kuwa ni likizo. Onésime naye alikuwa ameingiwa na hofu nyingine.

"Mwenzangu, muhogo mchungu unalowekwa saa ngapi?" aliuliza.

"Saa? Siku, mzee. Siku tatu, nne."

"Basi. Mimi wananilowesha saa moja."

Anselmo akacheka. Akasema yeye jino lake analiona kama nguo, inafuliwa leo, inavaliwa leo. Wakatazamana, na wazo likawajia wote kwa pamoja, wala halikuwa wazo la wizi. Katika likirimba zamu hupangwa kwa kura, na kura ikishapigwa watu hubadilishana wanavyotaka. Mwenye harusi Juni anampa mwenye subira Desemba. Kinachotakiwa ni mambo mawili tu: wote wawili waridhike, na mtunza kikapu cha michango aambiwe mbele ya shahidi. Kabla ya kituo kilichofuata walikuwa wameshapeana mikono.

* * *

Siku ya miadi ya Onésime walikwenda wote wawili, mmoja kwa jino na mmoja kwa ushahidi. Onésime alivaa suti ya maziko, ile nzuri.

"Tumebadilishana," alisema kwa Kiswidi chake cha kazini, akitabasamu mpaka jino la kijivu likaonekana lote. "Mimi nachukua dawa ya kulala, ndugu huyu anachukua ya siku moja. Hakuna ugomvi. Wewe andika tu."

Ingela alikiweka chini kioo chake kidogo. Msaidizi wake, aliyekuwa akipanga visindano, akaacha kupanga.

Alichouliza Ingela ni kwa nini. Onésime akamweleza habari ya muhogo tangu shambani hadi sufuriani, na Ingela alisikiliza, hata akasema kwamba bibi yake aliloweka samaki wa Krismasi kwenye magadi siku nyingi vilevile, kwa hiyo anaelewa mawazo yake yanakotoka. Anselmo akaeleza habari ya msimamizi na chafya. Ingela akatikisa kichwa, si kwa hasira, na hapo Onésime akajua kwamba mambo yameharibika, maana Mswidi akikasirika bado mnaweza kuzungumza.

"Sikilizeni," alisema. "Nikiwaachia mchague, wenye haraka wote watakwenda huku, na wenye hofu wote watakwenda kule. Mwisho wa yote nitakuwa nimepima haraka na hofu. Dawa nitakuwa sijaipima."

Onésime aliinama mbele. Suti ilikuwa inambana mabegani.

"Mama Docteur. Lingekuwa jino lako, ungechukua ipi?"

"Sijui."

"Hapana, nakuuliza kama mtu. Si kama daktari."

"Nakujibu kama mtu. Kuna wenzangu wanaoapa kwa dawa ya kulala, na kuna wanaosema ni kupoteza muda. Mimi sijui. Ningejua, nisingekuwa na haki ya kukupigia kura."

Onésime akaegemea kiti. Tangu azaliwe alikuwa amekutana na madaktari wa misheni, wa kambini, wa mpakani na wa Ulaya, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia neno hilo. Kule kwao daktari asiyejua alikuandikia sindano, na wewe ukamshukuru. Huyu amesema hajui, mbele ya msaidizi wake, uso mkavu, halafu anataka afungue mdomo.

Ingela akamalizia taratibu. Kila mmoja ana uhuru wa kukataa, na hakuna atakayemwona vibaya. Ila anayekataa kura yake anatoka kwenye utafiti, na akitoka atatibiwa mahali pengine, kwa bei ya watu wote. Atamwekea Onésime nafasi yake mpaka Ijumaa.

Nje, upepo ukiwapiga, Anselmo hakuhitaji Ijumaa. Lake la pembeni, alisema, atakwenda kuling'oa mchana huohuo na kesho yake atakuwa kazini. "Mimi sipigi tarumbeta, mzee. Mimi nabeba masanduku." Akampiga Onésime begani na kushuka ngazi za kituo mbili mbili, mwepesi kama mtu aliyekwisha kupona.

* * *

Séraphine alikuwa anasonga ugali, na habari yote ya kliniki alisimuliwa akiwa amegeuka, mgongo wake ukicheka. Alitaka kujua kama kweli walimwambia daktari wa Kizungu aandike zamu kama mtunza kikapu. Akataka na habari ya suti irudiwe, jinsi ilivyombana mabegani. Maombi, binti yao wa miaka kumi na sita, alichukua karatasi ya maelezo ya utafiti akaisoma yote mezani, kisha akasema kwa Kiswidi kwamba kila kitu kimeandikwa hapo wazi, na baba alitia sahihi bila kusoma.

"Jino ni langu," Onésime alisema.

"Men pappa," Maombi akaanza kwa Kiswidi, "lakini baba," halafu akaona uso wa baba yake, akachukua sahani yake na kwenda kula chumbani.

Onésime hakula. Alitembea kutoka dirishani hadi mlangoni, na katika fleti ile ya Hjulsta hiyo si safari ndefu. Alisema atakopa. Alisema atafanya zamu hata siku za mapumziko. Alisema mtu hawezi kukabidhi mdomo wake kwa bahati nasibu, sisi si kuku wa maabara. Séraphine alimwacha amalize. Kisha akaufunika ugali na kukaa.

"Papa Maombi. Mitume walipompigia Matia kura, alibadilishana na nani?"

"Matia hakuwa na usaha."

"Na yule mwenzake aliyekosa, Yusufu? Alikwenda kumwambia Petro, andika tu, hakuna ugomvi?"

Alitaka kukasirika, ila kicheko kilimtoka puani kabla hasira haijafika. Kilipopita, akakaa naye. Akamwambia lile ambalo hakuwa amemwambia mtu: kwamba wiki hiyo Bonheur alikuwa amepiga kwenye maziko ya mama wa watu, kwa kishindo, bila kupumua mahali pa kupumua, na yeye alisimama nyuma na matoazi, akatazama jeneza, akahisi amemdanganya marehemu.

Séraphine hakucheka tena.

"Nikuulize kitu kimoja," alisema. "Unataka kumshinda yule mama daktari, au unataka kupiga?"

"Nataka kupiga."

"Basi nenda kakae kwenye kura yako. Hata muhogo haujui umelowekwa siku ngapi. Anayejua ni mlaji."

Alhamisi Onésime akapiga simu. Hakutaka kungoja Ijumaa, wasije wakadhani amesukumwa na kalenda.

* * *

Walimfunika mdomo kwa kitambaa cha mpira wa kijani, jino peke yake likachungulia kwenye tundu kama mtu anayeuliza hodi. Onésime, ambaye hata usingizini alizungumza, alinyamazishwa asubuhi nzima. Alisikia visindano vikikwangua ndani ya kichwa chake. Alisikia harufu ya bwawa la kuogelea, ile klorini. Kabla ya kuosha na baada ya kuosha, Ingela alichovya kijiti chembamba cha karatasi mpaka ndani ya mzizi na kukitia kwenye chupa, ili ijulikane kama kuna vijidudu vilivyobaki vya kuota. Kisha akaziba. Akamwambia asibonyeze kitu chochote juu ya jino hilo mpaka picha ijayo, baada ya miezi sita.

Siku chache baadaye mdomo wa juu ulivimba ukafanana na mkate. Séraphine aliuangalia, akasema jambo moja tu, "Saa moja ya kulowekwa," kisha akajuta kulisema. Jioni Bonheur alikuja na mfuko. Ndani mlikuwa na vidonge vya unga vya rangi mbili, vya kuua vijidudu, vya shangazi yake wa Bujumbura. Alielekeza wavifungue na kuumwagia ufizi ule unga, na vingine avimeze asubuhi na jioni. Alikuwa na huruma ya kweli, na kweli hakuwa na haraka ya kumrudishia Onésime kiti chake kwenye bendi. Mambo haya mawili yanaweza kukaa katika kifua kimoja bila kugombana.

Vidonge vilikaa mezani. Onésime alivijua, alikwisha kuvimwagia vidonda vyake na vya wengine nusu ya maisha yake. Lakini alikuwa ameahidi kutotumia dawa yoyote bila kuuliza, na safari hii alikuwa amesomewa karatasi yote na Maombi, mstari kwa mstari, mpaka binti akachoka. Alimrudishia Bonheur mfuko wake na kumshukuru. Asubuhi akaomba simu ya kazini, mbele ya msimamizi aliyeuangalia mdomo wake kama uchafu alioukuta ndani ya behewa, akampigia Ingela.

Ingela alimpokea siku hiyohiyo. Alimchana ufizi kidogo, usaha ukatoka, na akamwambia kwamba uvimbe huu anaukuta kwenye makundi yote mawili, haumaanishi kitu bado. Akaongeza kwamba afya yake inatangulia utafiti. Akisema neno, atamtoa na kumtibu kwa njia nyingine, na hatamdai chochote.

Lilikuwa jambo alilolitaka tangu mwanzo, nalo sasa limewekwa mkononi mwake. Onésime alifuta mate yenye damu.

"Niache ndani," alisema.

* * *

Miezi sita alipiga matoazi. Aliyapiga vizuri, kwa kisirani, kila mara mahali pake. Watoto walimwita Papa Matoazi mpaka walipochoka. Anselmo, akiwa na pengo lake la pembeni lisiloonekana, alimuuliza kila Jumapili kama muhogo umeiva.

Picha ilipopigwa, Ingela aliweka ya zamani na mpya pamoja ukutani, mbele ya taa. Kile kivuli cheusi kilikuwa kimesinyaa. Hakijakwisha, alisema, mfupa ni mvivu, lakini unarudi. Akaligonga jino kwa mpini wa kioo, juu, mbele, pembeni. Halikuuma. Onésime akauliza ni kundi lipi linaongoza. Ingela akasema wapo watu ambao hata hawajazibwa, na mpaka wa mwisho ahesabiwe, hata yeye haruhusiwi kuangalia. Onésime aliona sasa ni jambo la heshima kutouliza zaidi.

Édouard hakumrudishia kiti. Alisema, tena kwa upole uleule, kwamba Bonheur amekwisha kukizoea, lakini aje Jumapili ya Matawi apige, watu wasikie, ndipo waone.

Shida ikawa midomo. Midomo isiyopiga miezi sita hulainika kama ya mtoto mchanga. Jirani wa juu alikwisha kulalamika kwa kampuni ya nyumba kuhusu kelele, kwa hiyo Onésime aliteremka na tarumbeta chumba cha kufulia nguo, chini kabisa ya jengo, wakati familia yao ilipokuwa na zamu. Na katika jengo lile zamu ya kufulia ni kitu kitakatifu: watu wanaweza kusameheana talaka, lakini si zamu ya kufulia. Mashine zikiunguruma, hakuna aliyemsikia akikosea. Alianza chini, noti ndefu, bila kubonyeza, akiuegemeza mdomo wa tarumbeta kama anavyoegemezwa mgonjwa. Nyingi zilitoka na hewa. Nyingine hazikutoka. Aliendelea wiki hiyo na iliyofuata.

Jumamosi kabla ya Matawi Séraphine alishuka na kapu la mashuka. Alimkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, midomo imemvimba, machozi ya juhudi machoni. Aliingiza mashuka mashineni, akamwaga sabuni, akawasha. Hakuondoka.

"Linauma?"

"Midomo ndiyo inauma. Jino limelala."

"Ile ya juu umeijaribu? Ile iliyokupasukia?"

"Bado."

"Unaingoja nini? Matawi ni kesho."

Onésime alilamba midomo, akainuka kwenye ndoo. Mashine ilikuwa imekwisha kuvuta maji, mashuka yakaanza kuzunguka, na zamu yao ilikuwa inakaribia kwisha. Jirani mwenye zamu iliyofuata alikuwa amekwisha kuliweka kapu lake mlangoni. Séraphine alilitazama kapu lile. Akanyoosha mkono, akaizima mashine, mashuka yakatulia ndani ya povu.

"Piga sasa," alisema, "nisikie."